Modeli ya nishati ya majengo yasiyo ya makazi (Uingereza)

Modeli ya nishati ya majengo yasiyo ya makazi ni hesabu ya kompyuta inayotumika nchini Uingereza kuonyesha kama ofisi, shule, hospitali, duka, hoteli au ghala jipya linatimiza matakwa ya kanuni za ujenzi kuhusu matumizi ya nishati. Hesabu hii inadaiwa na Sehemu L ya kanuni hizo, inayohusu uhifadhi wa fueli na umeme. Jengo likishindwa katika hesabu, haliwezi kuthibitishwa kuwa limetimiza kanuni hata kama kuta zake ni imara na milango yake ya dharura ni ya kutosha.

Makala hii inahusu Uingereza yenyewe. Nchi nyingine za Ufalme wa Muungano, yaani Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini, zina kanuni zao, ingawa mbinu ya kukokotoa ni ya ukoo mmoja. Nyumba za makazi hukokotolewa kwa utaratibu tofauti unaoitwa SAP.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba modeli hii haikuundwa kutabiri bili ya umeme. Kazi yake ni kulinganisha jengo moja na jengo lingine ambalo halipo. Watu wengi, wakiwemo wenye majengo, husahau tofauti hiyo, na hapo ndipo malalamiko mengi kuhusu modeli hizi yanapoanzia.

Historia

Kanuni za zamani zilidhibiti zaidi sehemu moja moja za jengo: ukuta, paa, dirisha, boila. Toleo la mwaka 2002 liliwapa wasanifu njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuangalia kila sehemu peke yake, ya pili kuangalia jengo zima kwa viwango vilivyowekwa kulingana na aina yake, na ya tatu kukokotoa utoaji wa kaboni dioksidi.

Mabadiliko makubwa yalitokana na Umoja wa Ulaya. Agizo la mwaka 2002 kuhusu ufanisi wa nishati wa majengo (2002/91/EC) lilizitaka nchi wanachama, Ufalme wa Muungano ukiwa mmojawapo wakati ule, ziwe na mbinu ya kitaifa ya kukokotoa nishati ya jengo zima. Mbinu hiyo ilianza kutumika Uingereza kwa kanuni za tarehe 6 Aprili 2006, na inajulikana kwa kifupi NCM. Tangu hapo njia ya kupima sehemu moja moja haitoshi tena kwa jengo jipya.

Mwaka 2006 shabaha ilipatikana kwa kupunguza. Jengo la kulinganishia lilichorwa kwa viwango vya 2002, kisha utoaji wake wa kaboni ukakatwa asilimia 15 kwa majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha, au asilimia 20 kwa yale yenye mitambo ya hewa na viyoyozi. Kilichobaki kilikatwa tena asilimia 10 kwa ajili ya nishati yenye kaboni kidogo. Jumla ya upungufu ikawa asilimia 23.5 kwa kundi la kwanza na 28 kwa la pili. Kuanzia toleo la 2010 mtindo huo uliachwa: jengo la kulinganishia lenyewe lilipewa vipimo vipya vilivyo bora, na matokeo yake yakawa shabaha moja kwa moja.

Toleo la 2010 lililenga upungufu wa wastani wa asilimia 25 ukilinganisha na 2006. Toleo la 2013, lililoanza kutumika Aprili 2014, liliongeza asilimia 9. Toleo la 2021 lilianza kutumika tarehe 15 Juni 2022 na lililenga asilimia 27 zaidi ya lile la 2013. Asilimia hizi ni wastani wa aina zote za majengo. Ghala na hoteli hazikupewa mzigo uleule, kwa sababu si kila jengo linaweza kupunguza kwa gharama sawa.

Jengo halisi na jengo la kufikirika

Msingi wa mbinu nzima ni jengo la kufikirika. Mtathmini akishaingiza jengo halisi katika programu, programu inatengeneza jengo la pili lenye ukubwa uleule, umbo lilelile, mwelekeo uleule, vyumba vilevile na hali ya hewa ileile. Kinachobadilika ni ubora: kuta, paa, sakafu, vioo, taa na mitambo ya jengo la pili hufuata vipimo vilivyowekwa na serikali.

Kiasi cha kaboni dioksidi kinachotolewa na jengo la kufikirika kwa mwaka, kikigawanywa kwa eneo la sakafu, huitwa TER. Hiyo ndiyo shabaha. Kiasi cha jengo halisi huitwa BER. Vyote viwili huandikwa kwa kilogramu kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na sharti ni rahisi kulieleza: BER isizidi TER. Toleo la 2021 liliongeza jozi ya pili, TPER na BPER, inayopima nishati ya chanzo, yaani nishati yote iliyotumika tangu kuchimba au kuzalisha mpaka kufika kwenye jengo. Jengo sharti lifaulu katika jozi zote mbili.

Mpango huu una matokeo ambayo mgeni hayategemei. Kwa kuwa umbo na mwelekeo ni vilevile katika majengo yote mawili, msanifu aliyechora jengo lenye kona nyingi na kuta nyingi za nje hapati adhabu kwa umbo hilo. Jengo la kufikirika nalo lina kona zilezile. Vioo ni hadithi nyingine. Jengo la kufikirika hupewa kiasi maalumu cha madirisha kulingana na aina ya chumba, kwa hiyo mnara uliofunikwa vioo kutoka chini hadi juu hushindanishwa na jengo lenye madirisha ya kawaida, na huwa vigumu kwake kufaulu bila kufidia mahali pengine.

Sehemu za jengo hazikusahaulika kabisa. Kuna mipaka ambayo haivukwi hata kama hesabu ya jumla inapita. Kwa toleo la 2021 ukuta mpya usipitishe zaidi ya wati 0.26 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Toleo la 2013 liliruhusu 0.35. Kwa ukuta wa mita za mraba 100, siku ambayo nje kuna nyuzi 0 na ndani nyuzi 20, hiyo ni wati 520 zinazopotea badala ya 700. Kwa madirisha mpaka ulishuka kutoka 2.2 hadi 1.6.

Uvujaji wa hewa hupimwa jengo likishakamilika. Feni kubwa hufungwa mlangoni, hewa inasukumwa mpaka tofauti ya kanieneo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, kisha hupimwa ni hewa kiasi gani inayopita kwenye nyufa. Mpaka wa 2021 ni mita za ujazo 8 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya ganda la jengo. Awali ulikuwa 10. Mjenzi aliyeahidi 3 kwenye modeli akapata 6 siku ya kipimo bado yuko chini ya mpaka, lakini hesabu yake ya BER inapanda, na huenda akashindwa kwa sababu hiyo peke yake. Kuziba nyufa baada ya dari kufungwa ni kazi ghali.

Programu zinazotumika

Serikali ilitoa programu ya bure iitwayo SBEM, iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti wa majengo ya BRE. SBEM hukokotoa mwezi kwa mwezi: joto linalopotea, joto la jua linaloingia, joto la watu na taa, na kazi inayobaki kwa boila au kiyoyozi. Ni nyepesi na inatosha kwa majengo mengi ya kawaida.

Kwa majengo magumu zaidi hutumiwa programu zilizoidhinishwa za uigaji wa saa kwa saa, kama vile IES VE, Tas na DesignBuilder. Hizi hupitia saa zote 8,760 za mwaka na zinaweza kufuata jinsi zege zito linavyohifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, jambo ambalo wastani wa mwezi hulificha. Watathmini nao wamegawanywa kwa ngazi: wa ngazi ya 3 na 4 hushughulikia majengo yanayofaa kwa SBEM, na wa ngazi ya 5 majengo yanayohitaji uigaji wa saa kwa saa.

Programu yoyote itakayotumika, data za msingi ni zilezile. Hali ya hewa huchukuliwa kutoka miji 14 ya Ufalme wa Muungano, na jengo hupewa mji unaolifaa. Matumizi ya vyumba hutoka kwenye hifadhidata ya taifa: darasa lina watu wangapi kwa mita ya mraba, ofisi inafunguliwa saa ngapi, ukumbi unahitaji mwanga kiasi gani, joto liwekwe nyuzi ngapi. Mtathmini huchagua aina ya chumba tu. Hawezi kubadilisha ratiba hata kama anajua kuwa ofisi ile itafanya kazi usiku kucha. Hili si kosa la programu. Kama kila mtu angeruhusiwa kuweka ratiba yake, jengo lingefaulu kwa kudai kwamba litakuwa tupu nusu ya wiki.

Mwendo wa kazi

Mtathmini hupokea michoro, huchora jengo ndani ya programu na kuligawa katika kanda. Kanda ni eneo lenye matumizi ya aina moja, mitambo ya aina moja na hali moja ya mwanga wa jua. Katika ofisi pana, ukanda wa karibu na madirisha hutenganishwa na eneo la katikati, kwa kuwa pembeni jua hupasha joto na mwanga wa mchana unaweza kuzima taa, ilhali katikati mambo hayo hayafiki. Baadaye huingizwa tabaka za kuta, vioo, maungio ambako joto hupenya, ufanisi wa boila au pampu ya joto, nguvu ya feni, aina ya taa na vidhibiti vyake.

Matokeo hutoka kama ripoti iitwayo BRUKL, ambayo hupelekwa kwa mamlaka ya ukaguzi wa majengo mara mbili. Ya kwanza hupelekwa si baadaye ya siku moja kabla ya ujenzi kuanza, ikiwa na vipimo vya michoro. Ya pili hupelekwa si zaidi ya siku tano baada ya ujenzi kukamilika, ikiwa na kilichojengwa kweli pamoja na matokeo ya kipimo cha hewa. Kati ya ripoti hizo mbili mengi hubadilika. Mkandarasi akibadilisha aina ya kihami joto, au taa zikipunguzwa bei kwa kununua zenye ufanisi mdogo, tofauti hiyo huonekana mwishoni, wakati nafasi ya kurekebisha imebaki ndogo. Njia ya haraka iliyozoeleka wakati huo ni kuongeza paneli za sola juu ya paa.

Ripoti hiyo pia hukagua joto la jua. Kwa kila chumba chenye watu, jua linaloingia kati ya Aprili na Septemba hulinganishwa na kiwango cha chumba cha mfano chenye dirisha linalotazama mashariki. Ukaguzi huu hausemi kama chumba kitakuwa na joto la kuudhi. Hilo huhitaji uchambuzi mwingine, ambao wenye shule na hospitali hushauriwa kuufanya.

Si majengo yote yanayodaiwa hesabu hii. Nyumba za ibada, majengo ya muda yasiyozidi miaka miwili, na majengo yanayosimama peke yake yenye sakafu chini ya mita za mraba 50 ni miongoni mwa yaliyosamehewa.

Namba ya kaboni na uchaguzi wa mitambo

Hakuna namba ndani ya modeli iliyobadilisha majengo ya Uingereza kama kipimo cha kaboni cha umeme. Katika toleo la 2013 kila kilowati-saa ya umeme wa gridi ilihesabiwa kuwa na kilogramu 0.519 za kaboni dioksidi, na ya gesi 0.216. Baadaye vituo vya makaa ya mawe vilifungwa kimoja baada ya kingine (cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024) na mitambo ya upepo ikaongezeka. Toleo la 2021 likaandika wastani wa 0.136 kwa umeme na 0.210 kwa gesi.

Mfano wa ofisi inayohitaji kilowati-saa 40 za joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka unaonyesha uzito wa mabadiliko hayo. Kwa boila ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 90, gesi inayohitajika ni kilowati-saa 44.4, kwa namba za 2013 hiyo ni kilo 9.6 za kaboni, na kwa namba za 2021 ni 9.3. Pampu ya joto inayotoa uniti 2.5 za joto kwa kila uniti ya umeme hutumia kilowati-saa 16. Kwa namba za 2013 hizo ni kilo 8.3, nafuu ndogo tu kuliko boila. Kwa namba za 2021 ni kilo 2.2, chini ya robo ya boila.

Hita za kawaida za umeme, zinazogeuza uniti moja kuwa uniti moja ya joto, zilikuwa kilo 20.8 kwa hesabu ya 2013 na hazikuwa na nafasi. Kwa namba mpya ni 5.4, pungufu ya gesi. Kwa kaboni peke yake, mjenzi angeweza kufunga hita za bei ndogo, akafaulu, na kumwachia mpangaji bili kubwa. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kipimo cha nishati ya chanzo kiwe na maana. Umeme huzidishwa kwa 1.501 na gesi kwa 1.130, na hapo hita zinafika 60.0, boila 50.2 na pampu ya joto 24.0. Mpangilio unarudi mahali pake. Katika hesabu halisi mambo ni magumu zaidi kidogo, kwa sababu mtambo wa joto wa jengo la kufikirika nao hutegemea aina ya nishati iliyochaguliwa kwenye jengo halisi.

Pengo kati ya hesabu na mita

Tangu utafiti wa PROBE, uliofuatilia majengo yaliyokuwa yakitumika kati ya mwaka 1995 na 2002, imejulikana kwamba majengo ya Uingereza hutumia nishati nyingi kuliko ilivyotarajiwa na wasanifu wake. Mpango wa tathmini wa shirika la serikali la Innovate UK, uliochapisha matokeo ya majengo yasiyo ya makazi mwaka 2016, ulikuta utoaji wa kaboni ukiwa kwa wastani takribani mara nne ya makadirio ya usanifu.

Sehemu ya pengo hilo ni ya makaratasi. Sehemu L huhesabu joto, upoaji, maji ya moto, feni, pampu na taa za kudumu. Kompyuta, seva, lifti, majiko ya hoteli na mashine za hospitali hazimo katika BER, ingawa mita ya umeme haichagui. Anayelinganisha BER na bili bila kuliondoa hilo analinganisha vitu viwili tofauti.

Sehemu iliyobaki ni ya kweli, na ndiyo inayostahili kuangaliwa. Boila na kiyoyozi huachwa vikifanya kazi kwa wakati mmoja katika chumba kimoja. Vidhibiti havikuwekwa sawa siku ya kukabidhi jengo. Feni huzunguka usiku na mwisho wa wiki kwa sababu hakuna aliyebadilisha saa. Kihami joto kilichoandikwa kwenye mchoro kiliachwa na mapengo ukutani. Modeli ya kanuni huchukulia kwamba kila mtambo unafanya kazi kama ulivyonunuliwa, na hakuna mkaguzi anayerudi baada ya mwaka kusoma mita.

Chama cha wahandisi wa huduma za majengo, CIBSE, kilitoa mwaka 2013 mwongozo wa TM54 wa kukadiria matumizi halisi, kwa ratiba halisi na vifaa vyote, ulirekebishwa 2022. Mwaka 2020 ulianzishwa NABERS UK, mpango wenye asili ya Australia, ambamo mwenye ofisi huahidi idadi ya nyota tangu wakati wa usanifu na kupimwa kwa mita baada ya jengo kutumika miezi 12. Yote mawili ni ya hiari. Sheria bado inadai BRUKL.

Vyeti

Modeli ileile hutoa cheti cha ufanisi wa nishati, EPC, chenye daraja kutoka A hadi G, kinachohitajika jengo linapojengwa, kuuzwa au kupangishwa. Kwa wenye majengo cheti hiki kina uzito wa fedha. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 jengo la biashara lenye daraja F au G haliwezi kupangishwa kwa mkataba mpya isipokuwa limesamehewa, na tangu 1 Aprili 2023 katazo hilo linahusu pia mikataba inayoendelea. Hivyo makosa ya mtathmini, kwa mfano kuacha thamani za kukisia zinazowekwa na programu badala ya kutafuta vipimo vya boila iliyopo, yanaweza kushusha jengo daraja zima.

EPC isichanganywe na DEC, cheti kinachobandikwa mlangoni mwa majengo ya umma yanayotembelewa na watu mara kwa mara yenye zaidi ya mita za mraba 250. DEC hutokana na usomaji wa mita. Jengo moja linaweza kuwa na daraja B katika EPC na E katika DEC, na vyeti vyote viwili vikawa sahihi.

Mbinu ya kulinganisha kwingineko

Wazo la kushindanisha jengo na pacha wake wa kufikirika halipo Uingereza peke yake. Nchini Marekani kiambatisho G cha kiwango cha ASHRAE 90.1 hufanya vivyo hivyo kwa jengo la msingi lenye kanuni zake. EDGE, programu ya shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia, nayo hulinganisha jengo na jengo la kawaida la nchi husika na hudai upungufu wa angalau asilimia 20 katika nishati, maji na kaboni iliyofungwa ndani ya vifaa vya ujenzi. Inatumika Kenya na nchi nyingine za Afrika kama cheti cha hiari. Vipimo vya Uingereza haviwezi kuhamishwa vilivyo: kule mzigo mkubwa wa jengo ni kupasha joto, ilhali ofisi ya Mombasa au Dar es Salaam haina boila, na dirisha lake huamuliwa na kivuli kuliko unene wa kihami joto.